Kinanda Hakisogei

Tangu mke wangu afariki, mimi kukaa kitako siwezi. Naanza wimbo kwenye zeze, kabla sijafika katikati nimeshalitundika ukutani. Nachukua filimbi, naipuliza kidogo, mate yananikauka, naiweka juu ya kabati na kwenda kwenye kodiani. Kodiani nayo inanizomea. Nyumba nzima ni ala tupu. Ngoma zimekalia viti vya sebuleni, mgeni akija anakalia mkeka. Udi uko nyuma ya mlango wa chumbani, na magitaa yamelala kitandani upande wa marehemu, maana sikutaka upande ule ubaki mtupu.

Jirani yangu fundi viatu ananiita Mikono Mingi, kama wanavyoniita watu wote wa kazi hii. Asubuhi akinisikia anagonga ukuta kwa nyundo yake.

"Mikono Mingi! Leo umeshaanza nyimbo nyingi na hujamaliza hata moja. Tumalizie moja basi, na sisi tuna roho!"

"Shona viatu vyako," namwambia.

"Nashona. Ila mimi kiatu sikiachi nusu, mwenyewe atatembeaje?"

Ananitania, lakini mtani wako ndiye anayekuambia kweli.

Ala moja tu nilikuwa siigusi. Marimba. Iko chumba cha nyuma, nimeifunika shuka, na mlango nimeufunga. Hiyo nitaieleza vizuri, maana ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Kibao cha marimba ni kipande cha mti mgumu uliokaushwa. Ukikichonga tumboni, katikati, sauti inashuka. Ukikichonga kwenye ncha, sauti inapanda. Lakini vyovyote utakavyofanya, unapunguza. Mti hauongezwi. Fundi akikosea, dawa yake ni kupunguza tena upande wa pili, na kibao kinazidi kuwa chembamba mpaka kinalia kama bati. Kwa hiyo kabla hujashika kisu ni lazima uwe na sauti unayoifuata. Wengine wanafuata marimba ya mwalimu wao. Wengine wanafuata kinanda. Mimi nilimfuata mke wangu.

Shule mimi niliiacha kabla haijaniacha, herufi za muziki sizijui hata kwa sura. Yeye naye hakuzijua. Alikuwa anageuza ndoo, anaikalia pale uani, anaimba sauti moja na kuishikilia, nami nachonga huku nagonga, nachonga huku nagonga, mpaka mti na koo lake vikubaliane. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Shusha kidogo. Bado. Bado, mume wangu, huna masikio? Haya, hapo hapo! Ebo, umepitiliza. Hiyo sasa siyo marimba, huo ni mlango. Ufunge tukale."

Ilipokwisha, haikufanana na marimba ya mtu yeyote. Wazee wangu walisema nimeiharibu. Wenye kuzoea vinanda walisema imeniharibikia. Sisi tulicheka tu, maana wimbo wowote tuliouweka pale ulisimama. Na kila mvua zilipokwisha alirudi kwenye ndoo yake, akaimba tena, nami nikabandika nta chini ya vibao vilivyopanda au nikakwangua kidogo vilivyoshuka. Mti unakunywa hewa, kwa hiyo hautulii.

Kwa marimba ile nilizunguka dunia. Sisemi kwa kujisifu, nasema ilivyokuwa. Nilipiga na mtu wa fidla kutoka nchi za baridi, pua nyekundu kama nyanya. Siku ya kwanza aliisikia marimba akacheka. Kesho yake alikaa pembeni, akalegeza nyuzi zake moja moja mpaka akaingia. Nilipiga na bwana wa tabla ambaye alibeba kinyundo kidogo mfukoni, akawa anagonga ngozi ya ngoma yake huku na huku hadi ikaja kwangu. Wapiga gitaa walikuja, wapiga udi walikuja. Hakuna aliyeona ameonewa. Ilikuwa ndiyo adabu ya kazi yetu: mwenye nyuzi anamfuata mwenye mti, kwa sababu uzi unakazwa na kulegezwa, mti hauwezi. Watu waliandika magazetini kwamba nimechanganya muziki wa mababu na muziki wa ulimwengu. Mimi sikuchanganya kitu. Nilisimama na marimba ya mke wangu, wakaja wenyewe.

Sasa nimseme Bwana Ratiba.

Hilo siyo jina lake, ndivyo wanamuziki tulivyombatiza, kwa sababu mtu huyu hata kupiga chafya anaangalia saa kwanza. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wetu safari ile ya mwisho. Mke wangu nilimwacha nyumbani na homa. Nilitaka kubaki. Bwana Ratiba akasema, "Mzee, homa ni homa, tiketi ni tiketi." Nikaenda.

Simu ya msiba iliingia kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu ya ofisi. Iliingia kabla sijapanda jukwaani. Akaiweka mfukoni. Nikapanda, nikapiga onyesho zima, nikapiga na ule wimbo wetu wa kuchekesha wa mume mvivu, watu wakapiga makofi, nikapewa maua, na mke wangu yuko mochwari. Ndipo Bwana Ratiba akanijia na glasi ya maji mkononi.

"Mzee, kaa kwanza."

Tangu siku ile sijakaa.

Yeye wakampandisha. Leo ni mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho, ana gari, ana dereva, ana zulia. Huko juu ndivyo walivyo. Mtu akikosea kidogo anafukuzwa, akikosea vizuri anapewa ofisi.

Basi mwaka huu akaniita. Hakuja mwenyewe, alimtuma binti yangu, kitinda mimba wangu, ambaye anaimba kwenye kundi la Jumba. Wakubwa wana akili za hivyo: hawakuombi, wanamtuma mwanao.

"Baba, kuna safari," akaniambia amesimama mlangoni, hajavua hata viatu. "Nchi tatu. Kuna mama mgeni, mpiga kinanda, ndiye aliyeomba. Alisikia kanda zenu za zamani. Anataka marimba. Na wimbo mkubwa nauongoza mimi, baba. Mimi, siyo nyuma huko na kayamba."

Nilimwangalia. Sauti yake si ya mama yake. Imetoka kwa bibi yake upande wangu, nzito, ina mchanga ndani, na kwa sauti ile wamemweka nyuma miaka yote. Nikasema nitakwenda kuwasikiliza.

Tukaibeba marimba hadi Jumbani, binti mbele mimi nyuma, bado imefunikwa shuka lake. Ukumbi wao una harufu ya rangi mpya na viti vimevikwa nailoni. Katikati ya jukwaa kimekaa kinanda, cheusi, kikubwa kama jeneza la tajiri. Yule mama mgeni alikuwa mfupi, nywele nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kitu, macho yakamlowa.

"Anasema amekungoja muda mrefu," binti akatafsiri.

"Mwambie angekuja mapema angenikuta na mke."

"Siwezi kumwambia hivyo, baba."

Tukaanza. Mama akapiga mwanzo wa wimbo, mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Nami nikaingia. Jamani. Ilikuwa kama watu wawili wanagombana kupita mlango mmoja. Kila nilipogonga, kinanda kilisimama pembeni kidogo, juu kidogo au chini kidogo, kinaning'ong'a. Mpiga ngoma wetu, mnene mmoja tunamwita Tumbo, akaacha kupiga na kujifunika uso. Yule mama akaondoa mikono na kuiweka mapajani. Hakukasirika, alihuzunika tu.

Bwana Ratiba akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa anatusikiliza huko huko.

"Tatizo nini?"

"Tatizo ni kwamba hiki na hii hawajuani," nikasema.

"Basi wajuane. Rekebisha, mzee."

"Mwenye nyuzi anamfuata mwenye mti. Humo ndani ya kinanda mna nyuzi. Nimeziona."

"Kinanda hakisogei, mzee. Kimekodiwa, fundi wake amekuja amekitengeneza, amekwenda zake. Na huko tuendako kila ukumbi una kinanda chake, na vyote vimetengenezwa hivi hivi, dunia nzima. Hatuwezi kuiambia dunia nzima isogee kwa ajili yako."

"Na mti unasogea?"

"Mti unachongwa. Wewe si ndiye fundi?"

"Basi leteni panga nikichonge kinanda."

Tumbo akapasuka kicheko, vijana wote wa kundi wakacheka. Bwana Ratiba hakucheka. Aliangalia saa.

"Sikiliza. Wafadhili wameona picha ya marimba, wameisoma kwenye barua, wanaitaka marimba. Bila marimba hakuna safari. Si yako tu, hawa wote." Akawanyooshea kidole mmoja mmoja, kidole kikaishia kwa binti yangu. "Wote wanabaki. Amua kabla ya mazoezi ya mwisho."

Hapo ndipo utawajua. Hawakugusi wewe, wanamshika mtoto wako mkononi halafu wanakuuliza maoni yako.

Nyumbani sikula. Nilitoka uani nikarudi, nikachukua zeze nikaliweka, nikafungua dirisha nikalifunga. Binti alikuwa anakunywa chai na mkate, ananifuata kwa macho tu.

"Baba, utatoboa sakafu."

"Mimi sichongi."

"Sijasema kitu."

"Unasema kwa kutafuna. Mama yako yumo mle ndani. Kila kibao ni koo lake. Nikikipitishia kisu namkata mama yako shingo, ili nini? Ili Bwana Ratiba apigwe picha?"

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama yangu yuko makaburini, baba. Na hujakwenda hata mara moja kumpalilia. Mimi ndiye ninayekwenda, na jembe la kuazima."

Nikasema, "Kama mama yako angekuwa hai usingethubutu."

"Kama mama angekuwa hai angekuwa ameshakutukana." Akainuka na kwenda chumba cha nyuma, ambako tulikuwa tumeirudisha marimba. Nikamfuata. Akavuta shuka, akachukua kigongo, akagonga kibao kimoja, akakisikiliza mpaka kikanyamaza. Kisha akagonga cha pembeni yake.

"Hii siyo sauti ya mama."

"Nyamaza."

"Baba, nimelelewa mgongoni kwake, nimeimba naye jikoni kila siku. Hii siyo. Hiki kimepanda. Hiki nacho kimepanda kuliko mwenzake." Akaking'oa kwenye kamba zake, akakigeuza. Chini, pale ilipokuwa nta, palikuwa na alama tu ya kahawia. Nta ilikuwa imekauka ikadondoka. Tukaikuta imesagika mle ndani ya kibuyu kinachoning'inia chini ya kibao kukuza sauti, imechanganyika na vumbi na bawa la mende.

"Mvua ngapi zimepita hujairekebisha?" akaniuliza.

Angerekebisha nani? Aliyekuwa anakaa kwenye ndoo hayupo.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mti hautulii," akasema, sasa kwa upole. "Mti umetembea, baba. Kidogo kidogo. Umekwenda zake."

Nikakichukua kibao kile. Nikagonga, nikakiweka sikioni, nikajaribu kumkumbuka mke wangu anaimba sauti hiyo, na hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu nilipomtafuta kichwani nikakuta kibao. Kwa miaka yote ile nilipokuwa naamini nimemfungia mle chumbani salama, mti ulikuwa unatembea, nami nimetembea nao, sasa hata sijui alikuwa wapi. Nilikuwa nalinda zizi, ng'ombe ametoka zamani.

Nitasema ukweli kwamba nililia. Binti hakunishika bega wala nini, alikaa chini sakafuni, akawa anasafisha vibuyu kwa pindo la nguo yake, kimoja baada ya kingine.

Nilipomaliza nikamwambia, "Kilete kisu. Kile cha mpini mfupi."

Asubuhi yake nikatandika gunia uani. Binti alikuwa amerekodi kile kinanda kwenye simu yake, sauti moja moja, kama mtu anayehesabu watoto. Ananibonyezea, simu inalia, nachonga. Ananibonyezea tena. Mimi, niliyemfuata mwanamke niliyemwoa kwa hiari yangu, nikawa nafuata simu. Maranda ya mti yalirundikana miguuni. Fundi viatu akachungulia juu ya ukuta.

"Leo unamaliza kitu, Mikono Mingi?"

"Namaliza."

Aliona uso wangu, akateremka bila utani.

Kibao baada ya kibao viliingia. Vile vilivyopanda nilivikwangua tumboni, vile vichache vilivyokuwa chini nilivichonga ncha. Mkono ulikuwa unauma lakini ulikuwa unajua njia. Nikafika kile cha katikati, ambacho nyimbo zangu zote zinapita kama watu wanavyopita lango la soko. Nilikiacha makusudi mpaka mwisho. Nimekishika kati ya magoti, nimekiinamia, kisu kiko tumboni, kimebaki kidogo sana, kama unywele.

Honi.

Gari la Bwana Ratiba, mlangoni kwangu. Siyo honi ya kusalimia, honi ndefu, ya mtu asiyeshuka. Kisu kikazama. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja kidole, ufa ukatoka tumboni ukaenda mpaka ncha.

Simu ilikuwa bado inalia mkononi mwa binti, ile sauti ya kinanda, safi, haina habari.

Bwana Ratiba akaingia, viatu vyake vinang'aa kwenye vumbi langu. "Habari za kazi? Maendeleo?"

Nikamwinulia kibao.

Akakitazama mbele, akakitazama nyuma. "Kimefanyaje?"

"Umekiua."

"Mimi? Mimi nimetoka garini sasa hivi."

"Honi yako, bwana mkubwa."

"Baba, mkono wako umetetemeka tangu asubuhi," binti akasema kwa sauti ya chini.

"Honi," nikasema.

Bwana Ratiba akawaza, kisha akafanya wanachofanya wakubwa. Akahesabu vilivyobaki kwa macho. "Si ni kimoja tu? Vingine si vipo? Tengeneza kingine."

"Mti wake unakaushwa miaka. Nikikata mbichi kesho utalia kama boga."

"Basi tutafanya hivyo hivyo. Onyesho la majaribio ni alasiri ya keshokutwa, mgeni rasmi ameshathibitisha." Akaangalia saa, akaondoka. Safari hii hakupiga honi.

Alasiri hiyo ukumbi ulijaa. Nailoni zilikuwa zimetolewa kwenye viti. Mbele walikaa wale wenye suti, mgeni rasmi katikati yao ameshaanza kusinzia. Niliifunga marimba kwenye kiunzi chake na pale katikati nikaacha wazi, kamba mbili tu zinapita, chini kibuyu kimeachama.

Tumbo akaninong'oneza, "Mzee, umeng'oka jino."

"Funga lako."

Tukaanza. Nitasema tena, kwa sababu haki ni haki: vile vibao vingine vilikaa kwenye kinanda kama mguu kwenye kiatu cha jirani yangu. Yule mama alinitazama juu ya miwani, akatabasamu kama mtoto. Binti akaingia na ile sauti yake ya mchanga, nikaona wenye suti wanaacha kunong'ona. Mgeni rasmi akafumbua macho.

Kisha wimbo ukafika langoni.

Mkono wangu ulikwenda. Mazoea hayana akili. Kigongo kikapita hewani pale palipokuwa na kibao, kisiguse kitu. Kimya kidogo. Yule mama akadhani nimesahau, mara ya pili wimbo ulipofika pale akanijazia, akagonga sauti ile kwenye kinanda chake kwa upole, kama mtu anayekuokotea kitambaa. Nikainua mkono kumkatalia. Sikupanga, mkono wenyewe uliinuka. Akanielewa. Mara ya tatu hakugonga. Tumbo naye akauzuia mkono wake juu ya ngozi. Binti yangu, ambaye neno lake lilikuwa linaangukia pale pale, akafunga mdomo katikati ya neno, akangoja, kisha akalimalizia upande wa pili.

Ukumbi mzima ukashika pumzi. Mti mmoja umevunjika, na kinanda kilichokataa kusogea kimenyamaza, ngoma imenyamaza, wakubwa wamenyamaza. Kila tulipofika pale tulinyamaza. Watu wakaanza kukingojea kile kimya. Mwanamke mmoja nyuma kule alisema "aah!" kwa sauti kila kilipokuja, kama mtu anayekandwa.

Wimbo tuliumaliza wote, mwanzo hadi mwisho. Makofi sitayaeleza.

Bwana Ratiba alipanda jukwaani amenyoosha mikono. "Mzee! Mzee wangu! Kile kituo, pale katikati! Mgeni rasmi ameniuliza ni nani aliyekitunga."

"Mwambie ni wewe."

Akacheka, akanipiga begani. "Basi kibaki. Huko tuendako kibaki vile vile, usiweke kibao kingine. Nitakiandika kwenye programu."

Alikuwa anageuka kwenda zake. Sijui ni nini kilichonishika. Nikamshika mkono wa koti.

"Siku ile simu ilipoingia, ulikuwa umesimama wapi?"

Hakuniuliza simu gani. Kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Nyuma ya pazia," akasema. "Nilitaka nikuite. Ulikuwa unamtania mpiga fidla, unacheka. Nikasema nimwache acheke kwanza."

"Haikuwa haki yako kuniacha nicheke."

"Najua," akasema.

Neno hilo tu. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi: ratiba, wafadhili, tiketi, maagizo kutoka juu. Nilikuwa na jibu la kila moja. La "najua" sikuwa nalo. Nikauachia mkono wa koti. Wakamwita kwenye picha, akanyoosha tai yake, akaenda.

Nilisimama pale na vigongo mkononi. Nilitaka nimfuate nimtukane. Nilitaka nitoke kwa mlango wa nyuma nisirudi. Miguu ilikwenda hatua moja kila upande. Kule mbele walishapangana: wenye suti, mgeni rasmi, yule mama wa kinanda, na binti yangu ameingizwa mstari wa kwanza, jasho bado linamtiririka, anacheka kwa meno yote.

"Baba!" akaniita. "Baba, njoo bwana, wanakungoja wewe!"

Nafasi iliyobaki ilikuwa kati yake na Bwana Ratiba. Nikaenda nikasimama. Mkurugenzi akanisogelea ili sote tuingie, bega lake likanigusa, sikuliondoa wala sikuliegemea.

"Mzee, tabasamu kidogo," akasema mpiga picha.

"Piga hivyo hivyo," nikamwambia.